Siku programu yangu ilipoufanya Rufiji matandiko

Asubuhi moja nilifungua orodha ambayo programu yangu ilikuwa ikiiandika usiku kucha, nikakuta: "Rufiji ni matandiko." Chini yake Ruvuma na Pangani, nayo matandiko. Nilicheka hadi jirani wa chumba cha pili akauliza kulikoni.

Nilitaka kompyuta isome maandishi ya Kiswahili mtandaoni iokote maarifa yenyewe, nisiilishe kila kitu kijiko kwa kijiko. Nilianza na njia ya zamani aliyoieleza mtafiti wa kompyuta Marti Hearst mwaka 1992: watu wakitaja kundi la vitu pamoja na mifano yake, hurudia maneno yaleyale. Kwetu ni "kama vile". Programu ikikuta "samaki kama vile changu, tasi na kolekole", inaandika changu ni samaki, na wenzake hivyohivyo. Nikaipa kurasa za Wikipedia ya Kiswahili na matangazo ya biashara, nikalala.

Matangazo ndiyo yaliyoniponza. Muuza magodoro ameandika "matandiko kama vile mashuka, mito na foronya". Kwingine kuna "mito kama vile Rufiji na Ruvuma". Kompyuta ikaunga moja kwa moja.

Wakubwa nao yaliwakuta. NELL, programu iliyoanza kusoma mtandao usiku na mchana Januari 2010 pale Carnegie Mellon, Marekani, chini ya Tom Mitchell, iliviweka vidakuzi vya intaneti (vijifaili ambavyo tovuti huviacha kwenye kompyuta yako) katika vitu vya kuokwa, maana kwa Kiingereza jina lake ni lile la biskuti. Kisha ikaona watu wanafuta vidakuzi na wanafuta mafaili, basi mafaili nayo yakaingia tanurini.

Dawa yangu ya kwanza ilikuwa ngeli, na nilijiona mjanja kweli. Kwa "kaa" ilifanya kazi vizuri: "kaa huyu" ni wa baharini, "kaa hili" ni la jikoni. Lakini mto wa maji ni "mto huu", na wa kulalia ni "mto huu" vilevile. Ngeli ikagonga mwamba.

Ikabidi niige NELL: kuna makundi yasiyoweza kuchangia mwanachama. Nikaandika kwamba mahali hapawi bidhaa, na kwamba kabla ya kuamini, programu itazame maneno ya jirani. Penye "maji yake huishia" au "unapatikana katika mkoa wa", ni mto wa maji. Penye "bei" na "jozi", ni wa kichwa. Rufiji ukatoka kitandani usiku uleule.

Bado kila jioni nakaa nayo dakika kumi hivi na kikombe cha chai, nafuta upuuzi. Juzi iliniletea Mto wa Mbu katika orodha ya mito, ikiwa na uhakika wote kwa sababu jina linaanza na "Mto". Ule mji wa karibu na Ziwa Manyara nimeutoa kwa mkono. Kanuni yake sijaipata.