Ile "kontrasti milioni kwa moja" ilivyoniponza

Jamani, nilikuwa naedit video ya harusi, bwana harusi kavaa suti nyeusi na ukumbi wenyewe taa hafifu, sasa kwenye monita yangu suti ilikuwa shimo tu, kola huioni, basi usiku mzima mi napandisha sehemu za giza mpaka nikaridhika. Nikapeleka. Mteja kaiweka kwenye TV ya sebuleni, kanipigia: "Kaka, suti si ilikuwa nyeusi? Mbona hapa kijivu, halafu ina chenga?" Moyoni nikasema TV yake mbovu. Nikaenda kwake. Wapi, mbovu ilikuwa kazi yangu.

Mchawi ni ile setingi ya monita yangu ya kujirekebisha kontrasti (yani mweupe unauzidi mweusi mara ngapi), inakuja imewashwa tangu dukani. Skrini ya LCD ya kawaida ina taa nyuma, picha ikiwa ya giza monita inaififisha taa yote, likitokea shela jeupe inaiwasha tena, alafu kwenye boksi wanachukua mweupe wa muda huu wanaulinganisha na mweusi wa muda ule, ndo ile milioni kwa moja waliyoiandika. Kwenye picha moja huipati ng'o! LCD nyingi za aina ya IPS ukweli wake ni kama 1000 kwa 1, yani mweupe ukiuweka niti 100 (niti ni kipimo cha mwangaza), mweusi unabaki niti 0.1, na kwenye chumba cha giza huo ni kijivu kabisa. LCD za aina ya VA zinafika 3000 hivi ila ukikaa upande vivuli vinabadilika. Skrini za OLED kila pikseli, yani nukta ya picha, inajizima yenyewe, raha tupu, lakini eneo kubwa likiwa jeupe inajipunguza mwanga, na menyu za programu zikikaa palepale kutwa nzima zinaweza kuacha alama. Milioni ya kweli kwenye LCD ipo, monita ya Sony BVM-HX310 ina tabaka mbili za LCD, ila bei yake usiulize.

Kwahiyo nimezima mbwembwe zote, mweupe D65 (kiwango cha rangi nyeupe), niti 100, gama 2.4 (jinsi mwanga unavyopanda toka mweusi hadi mweupe), nimeazima kile kidude cha kupimia rangi kinachoning'inia mbele ya skrini, na pazia nafunga. Mweusi wangu sasa ni wa kijivu kidogo ila hauhamihami, na mi naona bora huo mara kumi.

Video niliirudia bure. Kola inaonekana, suti nyeusi tii, ila mama mkwe bado anasema keki ilikuwa pinki zaidi ya pale.