Usiku Mmoja Chini ya Mlima Kenya
Ijumaa tuliondoka Nairobi asubuhi na mapema, mimi na mama, tukapitia Thika na Karatina hadi Nanyuki, kwenye hoteli ya Mount Kenya Safari Club, ambayo mwigizaji wa Marekani William Holden na wenzake waliigeuza kuwa klabu mwaka 1959. Mstari wa ikweta unapita katika uwanja wake. Jioni mhudumu alituwashia moto wa kuni chumbani. Mama akasogeza kiti, akajifunika leso magotini, akasema moshi ule ulimkumbusha jiko la marehemu nyanya. Nilikuwa sijamwona ametulia hivyo kwa miaka mingi. Alfajiri mawingu yalipasuka, na kilele cha Batian, chenye urefu wa mita 5,199, kikaonekana kwa dakika chache, kisha kikajifunika tena.