Jinsi nilivyopata umri wa kadi ya picha ya Marekani

Ni ile kadi ndogo, kama sentimita 6 kwa 10, ya aina ambayo mpiga picha Mfaransa Disdéri aliisajili Paris mwaka 1854. Mwanamke ameketi, mkono juu ya kitabu. Haina jina wala tarehe, na chapa ya studio nyuma imefifia, haisomeki.

Nilianza na mavazi. Sketi pana na nywele zilizogawanywa katikati zilinipa miaka ya 1860, basi. Pembe za kadi, ambazo hazijaviringwa, zilikubaliana na hilo bila kuongeza kitu.

Kilichofungua fundo ni mgongo wa kadi. Nilizima taa ya juu, nikalaza tochi ubavuni ili mwanga upite juujuu. Pakatokea mstatili mdogo, mweupe kuliko karatasi inayouzunguka, wenye mng'ao wa gundi kavu. Tena kulikuwa na mstari wa wino uliotoka nje ya mstatili na kukatika ghafla ukingoni. Stempu ya kodi ilikuwa hapo! Wino ni wa muuzaji aliyeichora kwa kalamu isitumike tena, kama sheria ilivyotaka.

Serikali ya Marekani ilitoza kodi ya stempu kwenye picha kuanzia 1 Septemba 1864 hadi 1 Agosti 1866, kulipia gharama za vita vya wenyewe kwa wenyewe. Kwa hiyo kadi yangu iliuzwa ndani ya miezi hiyo 23. Huo ni wakati wa kuuzwa. Picha yenyewe ingeweza kupigwa mapema kidogo, kisha ikachapishwa upya.

Tafadhali, msisugue mgongo wa kadi kabla ya kuumulika hivi.