Nilivyotenganisha Pachyrhynchus na Metapocyrtus

Hatimaye sanduku langu la fukusi wa Luzon, kisiwa cha Ufilipino, limepangika! Naandika ili mwenzangu asihangaike wiki tatu kama mimi.

Nilikuwa na fukusi weusi wenye madoa ya kumetameta, wa jenasi mbili, Pachyrhynchus na Metapocyrtus, wote kama mapacha. Nilianza na rangi, nikakwama. Huko Ufilipino wadudu huigana mno: hata Doliops, mbawakawa ambaye si fukusi kabisa, huvaa madoa ya Pachyrhynchus. Ukubwa nao haukusaidia.

Kilichonitoa ni kipapasio. Nilimweka mdudu mkavu usiku kucha ndani ya kopo lililofunikwa, lenye pamba yenye unyevu, viungo vikalegea. Asubuhi nikamlaza ubavu chini ya lenzi, na kwa brashi laini nikairudisha nyuma pingili ya kwanza ya kipapasio, ile ndefu iliyo kabla ya kiwiko (pale kipapasio kinapopinda), mpaka ikalala kuelekea jicho. Ikiishia kabla ya ukingo wa nyuma wa jicho, ni Pachyrhynchus. Ikiupita, mtazame kama Metapocyrtus.

Usiipime ikiwa imesimama. Mimi nilikuwa nakadiria kwa macho kipapasio kikiwa kimeelekea mbele, na nusu ya vibandiko vyangu vilikuwa na jina lisilo lake. Ikishalala, jibu linaonekana papo hapo.