Barua ya Mwenyekiti na Maslahi ya Taifa

Tangu nilipoamua kuomba ukaaji wa kudumu Marekani kwa njia isiyohitaji mwajiri, wenzangu hapa Kampala huniuliza kama kweli mshauri wa biashara, ambaye si daktari wala mhandisi, anaweza kukubaliwa. Sheria haimzuii. Kwa kawaida mwombaji wa kundi la pili la viza za ajira, EB-2, huhitaji mwajiri aliyekwisha kumtafuta Mmarekani wa kuifanya kazi hiyo akamkosa. Msamaha wa maslahi ya taifa huliondoa sharti hilo, na mwombaji hujaza fomu ya I-140, yaani ombi la mhamiaji wa ajira, kwa jina lake mwenyewe. Kuingia katika kundi hilo hakukunisumbua, kwa kuwa nina shahada ya uzamili ya Makerere inayohusiana na kazi yangu.

Ugumu uko katika vigezo 3 vya Dhanasar, uamuzi wa rufaa ya uhamiaji ya Marekani wa Desemba 2016: shughuli yako iwe na thamani na umuhimu wa kitaifa, uwe na uwezo wa kuiendeleza, na Marekani inufaike kwa kukusamehe sharti la mwajiri. Naona washauri wengi wa biashara hukwama katika kigezo cha kwanza. Katika uamuzi huo huo mwombaji alikubaliwa kwa utafiti wake wa vyombo vya anga, lakini kazi yake ya kufundisha haikuhesabiwa kuwa na umuhimu wa kitaifa, kwa sababu haikuthibitika kwamba manufaa yake yangevuka darasa lake.

Rasimu yangu ya kwanza ilisema nitawasaidia wateja wenye biashara ndogo kupanga hesabu zao. Wakili alipiga mstari chini ya neno "wateja", akaandika pembeni: "Na wasio wateja wako?" Swali hilo lilinikera siku mbili nzima. Nilipoandika upya nilishika jambo moja tu, yaani njia ya kumpima mkopaji asiye na hati za benki kwa kumbukumbu zake za mauzo na akiba ya kila wiki, niliyoijenga nikiwa na SACCO za wakulima wa kahawa upande wa Masaka, na ambayo mkopeshaji mwingine anaweza kuitumia hata nisipokuwapo.

Zikaja barua za ushahidi. Mwenyekiti wa SACCO moja aliandika kwamba mimi ni mcha Mungu, sichelewi mkutanoni na ninawaheshimu wazee. Nilirudi kwake nikiona haya.

"Sasa mwanangu, kwani kukusifu ni kosa?"

"Si kosa, mzee, ila hawa wa uhamiaji wanataka kujua mikopo ilirudije."

Ada ya fomu ya I-140 ni dola 715, na anayejiombea huongeza 300, mbali na wakili. Hata anayelipia huduma ya haraka hupewa jibu ndani ya siku 45 za kazi, kwa hiyo dalali anayekuahidi kibali kwa wiki 2 anakudanganya. Tena kibali hicho si viza. Bado kuna foleni na usaili.

Mzee alifungua kabati, akatoa daftari lililofunikwa kwa gazeti, akapitisha kidole kwenye safu ya marejesho mwezi baada ya mwezi, kabla ya mfumo wetu na baada yake. Barua ya pili ilikuwa fupi kuliko ya kwanza, imejaa tarakimu na muhuri wa bluu. Chini kabisa, kwa mkono, aliongeza kwamba pia sichelewi mkutanoni. Wakili alisema tuiache hivyo hivyo.