Kitambaa chenye msalaba mwekundu

Jumapili kwenye soko la vitu vya kale hapa Leicester, ndani ya kopo la biskuti lililojaa vifungo, nilikuta kitambaa cheupe cha kuvaa mkononi, cha wahudumu wa majeruhi vitani, kimekunjwa. Msalaba mwekundu umeshonwa kwa mkono, nyuzi zimeanza kuchomoka, pini imeacha alama ya kutu. Nikakinunua.

Nyumbani nikakigeuza, moyo ukanipasuka kwa furaha: kuna muhuri wa wino uliofifia! Jamani, huo muhuri ndio wa kutafuta kwanza. Mkataba wa Geneva wa 1906, wa kulinda majeruhi wa vita na wanaowahudumia, ulitaka kitambaa hiki kivaliwe mkono wa kushoto, kitolewe na kugongwa muhuri na mamlaka ya kijeshi. Wahudumu wa kujitolea wa VAD (Voluntary Aid Detachment), vikosi vya kuhudumia majeruhi vilivyoanzishwa Uingereza 1909, walikuwa chini ya Msalaba Mwekundu au St John, shirika la huduma ya kwanza. Wa St John utawajua kwa msalaba mweupe wenye ncha nane juu ya nguo nyeusi.

Tafadhali, ukikipata kama hiki usikifue, wino utaondoka na maji. Changu nimekilaza kwenye karatasi laini. Kwa kioo cha kukuzia, herufi mbili za kwanza nimeshazisoma.