Nilivyougua Ugonjwa wa Mabaharia Bila Kupanda Chombo

Kazi yangu ni kutembeza wageni hapa Malindi. Mwaka wa kumi na tisa huu nasimama pale kwenye nguzo ya Vasco da Gama, yule nahodha Mreno, nikieleza habari za kiseyeye, ugonjwa uliowapata mabaharia wake, kwa Kiswahili, kwa Kiingereza na kwa Kitaliano, maana Malindi bila Kitaliano utalala njaa. Pana mahali nashusha sauti, pana mahali nanyamaza nitazame bahari kidogo, na pana mahali nabinua mdomo wa chini kwa vidole viwili niwaonyeshe ufizi: "Hapa ndipo damu ilipokuwa ikiwatoka." Basi ni mimi huyohuyo niliyekaa na kiseyeye miezi nisijue ninaumwa nini. Cheka tu. Mke wangu ameshacheka hadi amechoka.

Ilianza yeye alipokwenda Lamu kwa binti yetu, uzazi wa kwanza. Tuliagana kwa arobaini. Arobaini ikaisha, mtoto akawa na mchango, halafu binti akawa hajapata nguvu, halafu ikawa tu "nakuja, nakuja". Mimi nyumbani peke yangu. Wala nisisingiziwe kwamba nilishinda njaa. Asubuhi mahamri na mbaazi za nazi, mchana chapati maharagwe pale kibandani, usiku wali na samaki wa kukaanga, na chai ya maziwa kila nikikaa kitako. Nilinenepa! Suruali mbili zilinikataa. Sisi tukisikia utapiamlo tunamwaza mtoto wa tumbo kubwa na nywele nyekundu, hatumwazi mwanamume mwenye kitambi anayelamba mchuzi wa mbaazi.

Sasa ongeza na hili. Mwaka uliotangulia nilikuwa na kiungulia kikali, na jirani yangu mmoja, ambaye shahada yake ni ulimi mrefu, akanihakikishia kuwa ni vidonda vya tumbo na kwamba kitu chochote kichachu kitanitoboa utumbo. Chungwa marufuku, ndimu marufuku, nanasi, embe, nyanya, pilipili, vyote marufuku. Nikafuata kama amri ya mahakama. Mke wangu alipokuwepo alinipenyezea kachumbari huku na kipande cha papai kule, hakuniuliza. Alipoondoka nikawa mwaminifu kabisa kwa jirani.

Mwezi wa tatu hivi tangu aondoke nikaanza kuchoka. Si uchovu wa kazi, ni uchovu wa kuamka nao. Magoti na vifundo vikauma kama vya mzee wa miaka themanini. Halafu msuaki ukawa unatoka mdomoni mwekundu. Nikajitazama kwenye kioo: ufizi umevimba katikati ya meno, rangi yake biringani. Mapajani nina mavilio mawili matatu, na siku ya kujigonga siikumbuki.

Ushauri ukamiminika, nao haulipiwi. Duka la dawa likaniuzia maji ya kusukutua, kisha antibayotiki, kisha maji mengine ya kusukutua ya bei kubwa zaidi. Mwenzangu wa kazi akaapa nimetiwa kijicho kwa sababu ya kundi moja la Wataliano waliolipa vizuri. Shangazi yangu akaja na mrututu, ile chumvi ya buluu ya shaba, kwenye kikaratasi, ati nijipake. Nilimheshimu, nikajipaka mara moja tu, nikatema mpaka machozi yakanitoka, na kikaratasi kikaenda chooni. Usijaribu. Mrututu ni sumu, kupona kwa nani nani zamani hakuufanyi kuwa dawa.

Aliyenipatia jibu ni mtoto wa shule. Walikuja basi zima, gredi ya sita, kutoka bara huko nyuma ya Ganze. Niko katikati ya hadithi yangu, niliyoihubiri mara elfu: kwamba Wareno walifika hapa Aprili 1498, wakapewa rubani, wakavuka hadi Calicut, Uhindi, kwa siku 23 tu maana upepo ulikuwa wao. Lakini kurudi wakaondoka Oktoba, kaskazi haijashika. Nahodha yeyote wa huku angewaambia wangoje. Wakabaki baharini miezi mitatu kasoro siku tatu, ufizi ukawavimba mpaka wakashindwa kutafuna, watu 30 wakafa. Walipotia nanga Malindi, Januari 1499, kila chombo kilikuwa na watu saba au wanane tu wanaoweza kufanya kazi, na katika vitu vya kwanza walivyoagiza pwani ni machungwa ya wagonjwa. Hapo kama kawaida nikabinua mdomo.

Binti mmoja mdogo wa mbele kabisa akanitazama, akauliza kwa adabu, "Mjomba, kwani na wewe ulikuwa kwenye ile meli?"

Wenzake wakacheka, mwalimu akamkemea. Mimi nikajipangusa kwa kidole: damu. Wallahi upepo wa bahari ulipita na mimi nimesimama na mdomo wangu umebinuka.

Usiku nikahesabu. Uchovu, magoti, mavilio, ufizi. Nimeyasema yote kwa lugha tatu, na sikuwahi kujiuliza kama yananihusu. Hata jina lenyewe la kiseyeye hapa kwetu watu hulitupia kila ufizi unaotoka damu, tunaona ni ugonjwa wa meno. Kumbe meno ni dirisha tu.

Ungedhani hapo nilikwenda hospitali. Sikwenda. Mimi ni mjuzi wa historia! Nilijua dawa ni kitu kichachu, na kwa kuwa chungwa na ndimu nimekatazwa, nikatafuta uchachu usio na chungwa. Nikauona: ukwaju. Mtamu, wa kwetu, wa baridi tumboni. Nikanunua fungu zima sokoni, nikalowesha, nikafikicha kwa mkono, nikachuja kwa kitambaa, nikachemsha na sukari na tangawizi ili usiharibike, nikajaza chupa nne za friji. Glasi asubuhi, glasi mchana, glasi kabla ya kulala. Nikaongeza achari ya ndimu ya chupa, kijiko kimoja, kwa hoja kwamba ile imekaa juani hadi ukali umekufa hivyo haihesabiki kwenye marufuku. Na dafu kila jioni, kwa kuwa dafu halikosi faida. Nilijiona Luqmani. Wiki ya kwanza nilisema nimepata nafuu. Wiki ya pili nilisema dawa inasukuma ugonjwa utoke. Wiki ya tatu jino la chini mbele likaanza kucheza kama mlango wa choo, na nilikuwa nakimbilia choo chenyewe mara tano kwa siku, maana ukwaju tumboni hautaki utani.

Ndipo nikaenda. Foleni yake sitaisimulia.

Daktari alikuwa msichana, umri wa binti yangu. Hakuanza na mdomo. Alinipandisha suruali, akawasha tochi ya simu, akaishusha karibu na muundi wangu. "Baba, hebu tazama nywele zako." Nikainama. Kila unywele umejikunja kama springi ya kalamu, na shinani mwake kitone chekundu cha damu, mamia yao, muundi mzima kama umenyunyiziwa pilipili ya unga. Miguu ninayo tangu nizaliwe na sijawahi kuitazama hivyo.

"Unakula nini?"

Nikamtajia. Alipofika kwenye matunda nikamwambia kwa fahari, "Nakunywa ukwaju, glasi tatu kwa siku."

Alijaribu asicheke. Akanieleza kwamba kiseyeye ni kukosa vitamini C, na uchachu si vitamini C. Ukwaju ukali wake ni asidi nyingine kabisa, vitamini C iliyomo ni kidogo mno, na hicho kidogo nilikuwa nakichemsha. Siki haina. Achari iliyopigwa jua wiki nyingi imebaki chumvi na kumbukumbu. Dafu ni maji mazuri ya kunywa, basi. Vitamini hii huuawa na moto na huyeyuka majini, ndiyo maana mchicha uliotokoswa na maji yake kumwagwa unakuwa umemwaga sehemu kubwa ya ulichonunua.

Nikamuuliza kwani mwili unaitakia nini hasa. Akasema ndiyo inayouwezesha mwili kutengeneza kolajeni, yaani kamba zinazofunga nyama, ngozi na kuta za mishipa midogo ya damu. Kamba zikikosa, mishipa inavuja: ufizini, mapajani, kwenye shina la unywele, hata ndani ya viungo, ndiyo magoti yale. Jino nalo linalegea. Damu pia hupungua, maana bila vitamini C chuma cha kwenye maharagwe na mbaazi hakipokelewi vizuri mwilini. Akiba ya mwili huisha ndani ya mwezi mmoja hadi mitatu, na anayevuta sigara anahitaji zaidi. (Ndiyo, navuta. Nilikuwa natumaini hataniuliza.) Kilichoniudhi kuliko vyote ni kwamba mbuzi anaitengeneza mwenyewe mwilini. Paka pia. Sisi na nyani hatuwezi. Mbuzi wa jirani yangu anakula maboksi ya simenti na ufizi wake safi.

Habari ya vidonda, akanipima. Vidonda vya tumbo aghalabu huletwa na bakteria au na dawa za maumivu zikizidi, si na machungwa. Tunda kali linaweza kumchoma mtu mwenye kidonda, lakini halikileti. Na mimi sikuwa na kidonda chochote, ni kiungulia cha mahamri ya usiku. Jirani sijamwambia hadi leo, nangoja siku ya kumwambia mbele za watu.

Vidonge alinipa, rangi ya chungwa, nikavitafuna. Bei yake shilingi mia mbili, mia tatu, si zaidi. Fedha nilizotupa kwa maji ya kusukutua zingenipa shamba.

Lakini nilichojivunia ni mapera. Nilimwambia daktari kwamba bado naogopa machungwa, woga wa mwaka mzima hautoki kwa siku moja, akasema basi kula mapera. Pera, hili la miti ya uani linaloliwa na popo, ambalo wageni hawaliulizii! Uzani kwa uzani linalishinda chungwa kama mara nne. Papai nalo halipitwi na chungwa, na yote mawili hayachomi. Nikawa nazunguka na mapera mfukoni kama mtoto mtoro, nakula na ganda lake. Muuza mapera pale sokoni alidhani nafungua duka. Mchicha nao sasa nautia kwenye nazi mwishoni kabisa, unyong'onyee tu, maji simwagi. Ndimu naikamulia sahanini, si sufuriani.

Siku ya tatu niliamka sijachoka. Siku ya tatu tu! Ufizi ulichukua kama wiki mbili, mavilio yakapita kijani, manjano, yakaisha.

Usiku mmoja nikiwa na nafuu nilisoma kwenye simu habari za daktari wa meli Mwingereza, James Lind, mwaka 1747 kwenye meli iitwayo Salisbury. Alichukua mabaharia 12 wenye kiseyeye, akawagawa wawili wawili, kila jozi na dawa yake: siki, maji ya bahari, pombe ya matufaha, matone ya asidi ya salfa, na jozi moja machungwa mawili na limau kila siku. Hao wa machungwa, mmoja alirudi kazini baada ya siku sita. Nikasoma jozi ya mwisho walipewa nini: rojo zito la kitunguu saumu na haradali, na kinywaji cha shayiri kilichotiwa uchachu kwa ukwaju. Ukwaju! Tangu 1747 umeshashindwa, na mimi nimejaza chupa nne. Nikajifariji kwamba jeshi lao la majini lenyewe lilisubiri mpaka 1795 ndipo likaagiza maji ya malimau kwa mabaharia. Na hao Wareno wetu, walipopona Mombasa mwaka 1498 baada ya kupata machungwa, waliandika kuwa ni hewa nzuri ya mji ule. Kwa hiyo sikuwa mjinga peke yangu.

Mke wangu alirudi mwezi wa tano. Aliufungua mlango wa friji kabla hata hajavua buibui, akakuta chupa mbili za ukwaju zilizotoa povu na mapera kama thelathini. Nikamsimulia yote, hadi nywele za muundi. Alisikiliza amekaa kwenye begi lake. "Nimekuacha Mswahili," akasema, "narudi nakuta Mreno." Sasa ananiita Vasco mbele ya wajukuu na majirani.

Jino linacheza kidogo bado, nikitafuna ubuyu. Kwenye nguzo naendelea, ila mdomo sibinui tena. Mwalimu wa ile shule nina namba yake, amesema huenda wakarudi muhula wa tatu, na mapera ya yule binti nimeshamwambia muuzaji aniwekee yaliyo makubwa.